Wala Baada Yake: Hotuba ya Mwalimu Settimia Bragaglia Siku ya Kuvua Joho

Mwadhama Kardinali, mlezi wa mji wetu wa Montalbruno na wa chuo chetu, Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Waheshimiwa Maseneta, Maprofesa wa vitivo vyote, mlioketi safu za mbele kwa kufuata ukubwa wa vyeo na, naona, wa matumbo, mapadri na watawa, wanafunzi mliojibanza kwenye ngazi, mabibi na mabwana wenye vinyago huko roshani, ambao mnanijua mimi nami siruhusiwi kuwajua nyinyi, na wewe Nunziata, mpishi wangu, uliyekaa karibu na mlango kwa sababu umeacha chungu motoni: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima inayomstahili, na waliobaki kwa heshima wanayoitaka.

Sauti yangu si kubwa, na huko nje wanapiga ngoma za karnivali. Kwa hiyo walio nyuma wakikosa neno wawaulize walio mbele, na walio mbele wakiwa wamesinzia, basi waulizwe wenye vinyago, maana hao wamekuja kwa hiari yao.

Nianze kwa kushukuru. Seneti ingeweza kuniaga siku yoyote ya mwaka, ikachagua Jumanne ya mwisho ya karnivali, baada ya mbio za farasi na kabla ya fataki. Nimeizoea nafasi hii. Tangu nilipopewa kiti changu cha elimu ya maumbile nimekuwa nikiitwa kuzungumza hadharani kila karnivali, na kila anapofika mgeni mkubwa kutoka nchi za nje. Mwana wa mfalme mmoja wa Kaskazini alipotutembelea alionyeshwa mnara wetu uliopinda, kisha akaonyeshwa kifaru aliyekuwa akipitishwa mjini mwaka ule, kisha nikaonyeshwa mimi. Aliuliza maswali mengi, na karibu yote yalimhusu kifaru.

Nashukuru pia kwa jiwe la marumaru. Nyote mmelipita ngazini. Limefunikwa kitambaa chekundu ili tulifunue kwa shangwe baada ya hotuba hii, lakini kitambaa ni kifupi, na mimi jana nilipopita niliinama nikasoma. Jina langu lipo, na kazi yangu ipo, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za jina, wameandika: HAKUNA KABLA YAKE, WALA BAADA YAKE. Maestro Zanobi, fundi aliyelichonga, namwona pale nyuma na vumbi lake mabegani. Hongera, fundi, kazi yako ni safi.

Hayo maneno ya kwanza siyapingi. Kweli, katika ukumbi huu hakuna mwanamke aliyefundisha kabla yangu, na mkisema mnajivunia jambo hilo nitawaachia nyinyi wenyewe mlifikirie. Lakini hayo ya pili? Nilisimama pale ngazini nimeshika kitambaa, nikajiuliza: waheshimiwa hawa wamepata wapi habari za baadaye? Chuo hiki kimewakemea wapiga ramli na wasoma nyota tangu enzi za babu zetu, na leo Seneti yenyewe inapiga ramli, tena juu ya jiwe!

Nikamwendea Mkuu wa Chuo. Ni mtu mpole, mnamjua. Akanishika mkono kama mtu anayemshika mgonjwa, akasema, "Mwalimu, usihangaike. Joho lako tutaliweka kwenye kabati la kioo, pale karibu na mifupa ya nyangumi. Na kiti chako hatumpi mtu. Kitazikwa pamoja na heshima yako."

"Lakini Mheshimiwa," nikamwambia, "mimi bado sijafa."

"Bila shaka, bila shaka," akasema. "Wala sisi hatuna haraka."

Basi ndiyo hali yenyewe, ndugu zangu. Leo navua joho, na mnataka nilivue liende kabatini, na kiti kifungwe, na mkifunge kwa heshima kubwa hivi kwamba atakayelalamika ataonekana hana adabu. Nami nimelelewa vizuri. Kwa hiyo sitalalamika, nitasimulia tu.

Wengi wenu hamkuwepo siku nilipotahiniwa. Nilikuwa na umri wa hao wanafunzi wa ngazini. Mtihani ulipangiwa ukumbi mdogo, lakini mji mzima ulitaka kuona, ukahamishiwa jumba la Seneti, na bado watu walining'inia madirishani. Hawakuja kusikiliza. Walikuja kuhakikisha. Jirani yetu mmoja, Mungu amrehemu, alimwambia mama yangu bila haya, "Nasikia chini ya sketi ya binti yako amefichwa padri mdogo anayemnong'oneza majibu." Mama akamjibu, "Basi huyo padri ni mlafi kweli, maana binti yangu tangu jana hashibi."

Nikaulizwa kuhusu mwanga, kuhusu hewa, kuhusu vitu vizito na jinsi vinavyoanguka. Nikajibu. Mzee Daktari Pompilio, aliyekuwa mkali kuliko wote, alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Binti, umejibu vizuri mno. Sasa tuambie, nani amekujibia?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Chini ya ile sketi hapakuwa na padri, nilikuwepo mimi tu.

Wakanivisha taji la majani ya fedha, na pete, na kashida ya manyoya meupe, na joho hili mnaloliona. Washairi wa mji wakatunga, na ni nani katika mji huu asiyekuwa mshairi? Mashairi yakamwagwa kutoka roshani pamoja na lozi za sukari, na lozi moja ikanipiga jichoni. Niliitwa jua, nikaitwa nyota, nikaitwa ndege wa ajabu anayezaliwa kutoka kwenye majivu. Nilisubiri sana mmoja wao aniite mwenzetu, nikaona nisimpotezee mtu muda.

Wiki iliyofuata nikaenda kuuliza darasa langu liko wapi. Seneti ikanieleza kwa upole kwamba nimepewa kiti, ila kiti chenyewe hakina darasa. Nitafundisha nitakapoitwa. Na sababu? Sababu ilikuwepo, tena ya kisomi: mwanamke akipanda jukwaani kila siku, vijana hawatasikiliza elimu ya maumbile, watakuwa wanamtazama yeye. Nikawaambia, "Waheshimiwa, sasa hivi wanakoroma. Si afadhali watazame?" Hoja yangu ikasifiwa kwa ucheshi wake, kisha ikakataliwa.

Nikafundisha nyumbani. Marehemu mume wangu, Daktari Baldassarre, alikuwa tabibu na mtu wa subira, nikamnyang'anya chumba cha kulia. Mashine ya umeme ikakaa dirishani, pampu ya kunyonya hewa ikakaa penye kabati la vyombo, na kati yake ikabaki ile meza yetu ndefu ya mti wa jozi, ambayo asubuhi ilikuwa ya masomo na adhuhuri ya chakula. Seneti ikasikia, ikatuma ujumbe kwamba haina kinyongo, mradi wanafunzi wasipitie mlango wa mbele, maana nyumba yenye vijana wanaopanga mstari mlango wa mbele itafanana na chuo. Basi wakapitia jikoni.

Nunziata hakupendezwa. "Bibi," alikuwa akinijia na mwiko mkononi, "wale wanafunzi wako wamepita tena. Wamepita na tortelini zangu, sufuria nzima."

"Wana njaa ya elimu, Nunziata."

"Elimu gani hiyo inayoliwa na mchuzi wa jogoo? Wewe wafundishe wakija wameshiba!"

Hawakuja wameshiba hata siku moja. Kwa hiyo ikawa desturi ya nyumba: asiyekula hafundishwi, na asiyejibu swali haongezwi. Nimewafundisha wengi kwenye meza ile. Nikitazama safu ya mbele nawaona baadhi yenu, mmenenepa vizuri, na Nunziata anastahili sehemu yake ya pongezi.

Namwona Profesa Fulgenzio Ghisalberti, mwenye kiti cha hewa na moto. Fulgenzio alikuwa kijana hodari, na hilo nalisema bila mzaha. Ila aliona haya. Wenzake wakimkuta anatokea kwenye kichochoro chetu humwuliza, "Wewe, kila siku unatoka kwa yule mama?" Naye huwajibu, "Mama gani? Mimi naenda kula tu. Mpishi wao hana mfano mjini." Alilisema hilo sokoni, akalisema kanisani, akalisema mbele ya Maseneta wawili ambao wapo hapa leo. Likumbukeni, ndugu zangu, maana nitalihitaji baadaye.

Siku alipotoa somo lake la kwanza katika ukumbi huu, mimi nilikuwa juu pale roshani, nimevaa kinyago kama wenzangu. Akaleta kibofu cha nguruwe kilichonyauka, akakiweka chini ya kengele ya kioo, akainyonya hewa, kibofu kikavimba chenyewe, watu wakashangaa. Lilikuwa somo langu, neno kwa neno. Mzaha wa kibofu na tumbo la mtoza ushuru ulikuwa wangu. Hata kukohoa, alikohoa pale ninapokohoa mimi, na mimi nilikuwa nimekohoa kwa sababu ya mafua. Bibi mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Kijana huyu kayatoa wapi haya yote?" Nikamwambia, "Nasikia anakula vizuri."

Sasa niseme jambo lisilochekesha, na karnivali inisamehe.

Palikuwa na msichana, Teodora Scarabelli, aliyeishi nyuma ya kanisa la Mtakatifu Procolo. Katika hesabu alinipita mbali. Mimi nilihesabu kwa kalamu na jasho, yeye alitazama dari kidogo akasema jibu. Mwaka mmoja baada yangu aliomba kutahiniwa, na Chuo kikamjibu baba yake kwa maneno machache: mji tayari unaye mmoja.

Yule mzee alikuja kwangu, kofia mkononi. "Binti yangu kakosea wapi?" akaniuliza.

"Hajakosea popote, baba."

"Sasa wamemkatalia nini?"

Ningemwambia nini? Nilimwambia ukweli. "Wamemkatalia kwa sababu mimi nipo."

Teodora akaingia utawani. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kumwona, tukaongea kati ya nondo za dirisha la wageni, na kati ya nondo hizo tulipitishiana mafumbo ya hesabu kama wafungwa wanaopitishiana tumbaku. Mama mkuu wa watawa alikitumia kile kichwa. Alimpa kazi ya kupiga hesabu ya sukari ya kupikia jamu. Amefariki Kwaresima iliyopita, sikuruhusiwa kuingia, nikasikia kengele tu nikiwa barabarani. Niliumia, na bado naumia. Kila mliponisifu kuwa mimi ni wa pekee, kila mliposimama mkanipigia makofi, waheshimiwa, nilikuwa nasikia mlango ukifungwa usoni mwa Teodora. Nilitaka mlijue hilo kabla sijaondoka.

Basi. Leo si siku ya majonzi, na chungu cha Nunziata kiko motoni. Nataka nimalizie kwa kuzisifu ada za chuo chetu, na hasa ile Ada ya Joho, ambayo wazee wetu waliitunga kwa busara kubwa kuliko waliyokuwa nayo.

Maprofesa mnaijua. Kwa ajili ya wageni nitaieleza. Profesa anayestaafu huvua joho mbele ya mkutano akamvisha daktari wa chuo hiki ambaye ni mwanawe, au mpwa wake, au mtu aliyelelewa mezani pake. Kisha tarishi hupindua saa ya mchanga. Mchanga ukiwa unashuka, profesa yeyote anaweza kupinga. Ila anayepinga sharti ashuke hapa chini, aweke joho lake mwenyewe mezani, ajadiliane papo hapo kwa Kilatini na huyo aliyevishwa, juu ya somo la kiti hicho. Akishindwa, joho lake limekwenda. Na mwamuzi ni nani? Mwamuzi ni huyo huyo anayestaafu! Mchanga ukiisha bila mtu kushuka, kiti kimepata mwenyewe, na Seneti haiwezi kukitengua.

Mnauona uzuri wake? Nimesimuliwa kwamba ilitungwa kwa ajili ya mpwa wa Profesa Anselmo Torriglia, aliyekuwa na kiti cha viungo vya mwili. Kijana alikuwa mwema, alijua majina ya farasi wote wa mji, ila akiulizwa moyo uko wapi alijishika tumbo. Ikabidi alindwe dhidi ya maswali. Na hayo maneno "aliyelelewa mezani pake" yaliongezwa baadaye, kwa ajili ya profesa mwingine, padri mtakatifu asiyekuwa na mke, aliyekuwa amelea yatima mmoja ambaye kwa kudra za Mungu alifanana naye pua. Lakini hayo si ya leo.

Tangu hapo, je, kuna aliyewahi kupinga? Hakuna. Nani apinge, na kila mmoja ana mpwa? Mwadhama, mpwa wako mpendwa, Profesa wa Sheria aliyeketi kushoto kwako, alivishwa papa hapa, na Kilatini chake siku ile kilitufurahisha wote. Nilipiga makofi. Mbele ya ada, mimi hupiga makofi.

Mimi, kama mjuavyo, Mungu hakunijalia mtoto aliyeishi. Mpwa ninaye mmoja, anauza katani, na akisikia Kilatini huumwa kichwa. Nadhani ndiyo maana Mkuu wa Chuo aliliagiza lile kabati la kioo akiwa na moyo mtulivu kabisa.

Ila nina meza.

Nina meza ndefu ya mti wa jozi, waheshimiwa, mliyonipa nyinyi wenyewe siku mliponinyima darasa. Orsola, mwanangu, shuka hapa chini.

Mpisheni ngazini! Mpisheni, haumi mtu. Huyu ni Daktari Orsola Benfenati, binti wa fundi anayetengeneza kinanda cha kanisa kuu. Alikuja kwangu na baba yake kuziba ngozi ya pampu iliyokuwa ikivuja, baba akaziba akaondoka, yeye akabaki anauliza kwa nini ilikuwa inavuja, na hadi leo hajaacha kuuliza. Udaktari mlimpa nyinyi, vuli iliyopita. Nakumbuka Seneta mmoja alisema cheti kitampendezea ukutani akiolewa.

Je, amelelewa mezani pangu? Kwamba ile ni meza ya kula, Profesa Fulgenzio alishashuhudia sokoni na kanisani. Kwa haya mengine tusibahatishe, tuna shahidi wa pili. Nunziata, simama. Huyu binti amekula kwangu?

Kwa waliokosa kusikia huko nyuma, Nunziata amesema: "Kula? Huyu? Mimi ndiye ninayejua! Tangu hajaota meno ya nyuma! Na kitunguu hadi leo anakitoa pembeni ya sahani akidhani simwoni!" Asante, Nunziata. Keti. Hapana, hilo la Maprofesa wengine na sahani zao halijaulizwa. Keti, mama.

Sasa navua joho. Nisaidie hapa begani, Orsola. Namvisha. Mnaona wote? Ananinong'oneza, "Mwalimu, ni refu." Ni refu ndiyo, mwanangu, lilishonwa kwa kipimo cha mwanamume, ndilo walilokuwa nalo. Nimelikanyaga pindo maisha yangu yote. Wewe likate.

Callisto, tarishi wetu mwema, pindua saa. Callisto, usimtazame Mkuu wa Chuo. Ada haisemi popote kwamba tarishi amtazame Mkuu wa Chuo. Ahsante.

Mchanga unashuka. Nani anapinga?

Profesa Fulgenzio, naona umeshika mikono ya kiti. Ni miguu imekufa ganzi, au ni hoja? Anasema ni hoja. Anasema wazee walipoandika "aliyelelewa mezani" walikusudia mwanamume. Fulgenzio, walikusudia pua ya yule yatima, na unajua. Mwanamume hawakumtaja kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba kuna haja. Walizuia maswali, wakazuia mashindano, wakazuia hata aibu, na mwanamke wakasahau kumzuia. Leo unataka kuwasahihisha wazee? Karibu. Shuka, weka joho lako hapa. Orsola ana adabu, atakuacha uanze, na somo ni hewa, unalolipenda. Kibofu cha nguruwe kipo. Ule mzaha wa mtoza ushuru anaujua, na anajua pia unakotoka. Mwamuzi ni mimi, na nitakuwa mwadilifu kama walivyokuwa wajomba wote waliosimama hapa.

Mmesikia? Sauti imetoka roshani, imesema, "Fulgenzio, kaa chini, utatuaibisha!" Imetoka kwenye kinyago chenye manyoya ya buluu. Mimi bibi huyo simjui, ni karnivali. Naona Profesa anamjua.

Mwadhama ananiita kwa kidole. Niwieni radhi.

Mwadhama anauliza, kwa sauti ya chini ambayo si haki nyinyi mkaikosa, kama jambo hili haliwezi kungoja hadi baada ya Kwaresima. Linaweza, Mwadhama. Ila tukilingojesha tutakuwa tumesema ada ina kasoro, na ada yenye kasoro itabidi ikaguliwe tangu mwanzo, kiti kwa kiti, joho kwa joho, mpwa kwa mpwa. Mimi ni mstaafu sasa, nafasi ninayo. Naweza kuanza na kitivo cha Sheria.

Mwadhama anacheka. Mwadhama ameegemea kiti chake vizuri. Mungu amzidishie umri.

Mniwie radhi nikiacha mzaha kidogo. Mchanga uliobaki ni mchache. Nilidhani leo nitacheka mwanzo hadi mwisho. Kumbe naogopa, tena naogopa kuliko siku ile ya mtihani, maana siku ile nikishindwa ningeshindwa mimi peke yangu. Leo mmoja wenu akisimama, hata kwa ukaidi tu, nitarudi nyumbani nikae kwenye ile meza, na nitaiambia nini? Nitamwambia nini Teodora, ambaye alikuwa bora kuliko mimi na amekufa akihesabu sukari? Kaeni. Nawaomba, waheshimiwa, hili moja tu ambalo mnaliweza. Kaeni.

Callisto?

Callisto amesema umeisha.

Pigeni makofi kama mnataka, ila si kwa ajili yangu, mgeukieni yeye. Orsola, usilie, utaloanisha joho, na manyoya yake yakiloa yananuka mbuzi. Naona wanafunzi wa ngazini wanarusha kofia. Naona pia roshani inarusha lozi. Jikinge macho, mwanangu, nimekwambia.

Maestro Zanobi, patasi unayo? Najua unayo. Nenda pale ngazini ukalivue jiwe kile kitambaa. Jina langu usiliguse, na "hakuna kabla yake" yaache, ni historia, waheshimiwa waisome kila wanapopanda. Yale maneno matatu ya mwisho yafute. Na pale yalipokuwa usichonge kitu, pawe patupu. Kuna watu watapahitaji.

Mkuu wa Chuo, usisikitike kuhusu kabati. Weka humo saa ya mchanga.

Inanibidi sasa nimalize, maana fataki zinasubiri na Nunziata anatoa ishara kwamba mchuzi unakauka. Nawakaribisha nyote kwangu. Leo mlango wa mbele uko wazi, ila nyinyi wa zamani mkipenda kupita jikoni, njia mnaikumbuka. Namshukuru Mwadhama kwa kucheka, Callisto kwa kupindua, bibi wa manyoya ya buluu kwa sauti yake nzuri, na marehemu Profesa Torriglia kwa kuwa na mpwa. Maprofesa wenzangu, nimewajua kwa miaka mingi na sijawahi kuwaona mkitenda jambo kubwa namna hii. Asanteni kwa kunisikiliza, na zaidi ya yote, asanteni kwa kutosimama.